Orodha ya Nyimbo Mia Tano

Kampuni ilinipa sekunde tisini. Miaka arobaini ya redio yetu, tangu mnara uliposimamishwa juu ya rundo la mawe ya mgodi mpaka leo, niimalize kwa sekunde tisini, na humo humo nimtaje muuza magari anayedhamini sherehe. Nilimwuliza Tanner, mkubwa wetu wa Dallas ambaye hajawahi kutia mguu Port Amelia, kama amewahi kuchemsha yai likaiva kwa sekunde tisini.

"Marlys," akaniambia kwenye simu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anayekataa dawa, "watu hawataki historia. Wanataka kujisikia vizuri."

"Mimi sijisikii vizuri."

"Ndiyo maana nasema iwe fupi."

Nina miaka sitini na miwili. Tangu mwaka 1986 nimekuwa hewani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na mji mzima unaijua sauti yangu kuliko unavyoijua sura yangu. Kampuni ilitununua miaka mitatu iliyopita pamoja na vituo vingine vingi, ikaanza kutupunguza mmoja mmoja. Kipindi cha asubuhi kikawa kinarekodiwa Dallas, kisha cha jioni. Kuanzia Juni na changu pia kingekwenda huko. Kwa hiyo sherehe ya miaka arobaini ilikuwa mazishi yangu, ila haya yalikuwa na keki.

Sikulilia kazi. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema kabla hawajanizima, na lilikuwa linahitaji dakika saba.

Nilianza kuandika vizuri, kwa utaratibu. Niliandika jinsi Lyle Beauchamp alivyoifungua redio Mei 1979 katika iliyokuwa kliniki ya meno, juu ya duka la viatu, na kwamba mpaka leo ukifungua kabati la studio utakuta sinki la kutemea. Niliandika kwamba hatukuanza kama redio ya roki za kale. Tulikuwa redio ya roki, basi, na nyimbo zilikuwa mpya. Sisi hatukubadilika, santuri zetu hazikubadilika, miaka ikapita, nyimbo zikazeeka mikononi mwetu, ndipo siku moja tukaambiwa kwamba hicho tunachopiga kinaitwa roki ya kale na kina soko. Tulifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba koti lake kuukuu limerudi kuwa fasheni.

Niliandika dhoruba ya Januari 1982, theluji ilipofunga barabara siku tatu. Lyle alikaa studio siku zote hizo akisomea watu ujumbe. "Mke wa Waino, mumeo yuko salama, amekwama baa." Barabara ya kutoka baa ilifunguliwa siku ya kwanza. Lyle alijua, na akaendelea kuusoma ujumbe ule mpaka siku ya tatu, kwa sababu Waino alikuwa rafiki yake.

Tanner alikata yote hayo. Akaniandikia pembeni: "Nzuri, lakini nani anamkumbuka Waino?" Nilitaka kumjibu kwamba Waino ana wajukuu kumi na tisa humu mjini na wote wana masikio, nikaona nitakuwa napigia mbuzi gitaa.

Lakini kitu kilichotufanya tuwe redio ya watu kilikuwa orodha. Kila mwisho wa Mei, wikendi ya Siku ya Mashujaa wetu waliofia vitani, tulipiga nyimbo mia tano zilizochaguliwa na wasikilizaji, kuanzia ya mia tano Jumamosi asubuhi mpaka ya kwanza Jumatatu jioni. Kadi za kura zilipatikana kwenye duka la pai za nyama la Ruona, kadi moja kwa kila pai, maana hizo pai ndizo chakula ambacho wachimbaji walishuka nacho mgodini. Uliandika wimbo mmoja na jina lako, kwa sababu kulikuwa na bahati nasibu ya sanduku la kupoozea bia. Wikendi hiyo watu walikaa kwenye vibanda vyao kando ya ziwa, nyama iko jikoni na redio iko dirishani, wakabishana siku tatu. Na kila mwaka wimbo wa kwanza ulikuwa ule ule, wa Waingereza fulani wenye nywele ndefu, na kila mwaka watu walilalamika kisha wakaupigia kura tena.

Sasa niseme la kwangu, maana mficha uchi hazai.

Kaka yangu Reino alikuwa mchimba chuma, na Jumamosi alipiga gitaa na kuimba kwenye bendi iliyoitwa Makoleo, katika ukumbi wa Wafini, yaani sisi wenye asili ya Finland. Walikuwa wazuri. Sisemi kwa sababu ni kaka yangu. Mimi kazi yangu ni kusikiliza, na ninajua. Mwishoni mwa 1985 walirekodi wimbo wao mmoja, "Futi Elfu Mbili", katika studio yetu, Jumapili, Lyle mwenyewe akiwa kwenye mitambo. Tukaupiga majira yote ya baridi. Watu waliuimba kwenye foleni ya benki.

Mei 1986 kadi zilipokuja, mimi ndiye niliyezihesabu. Siku tano mezani, na penseli. Wimbo wa Reino ulikuwa wa kwanza. Tena haukuwa wa kwanza kwa kubahatisha. Uliwaacha Waingereza mbali kabisa. Nikakimbia na karatasi hadi kwa Lyle, nikidhani tutarukaruka pamoja. Lyle alifunga mlango.

Jumatatu ile alikuwa anakuja mshauri kutoka Chicago, mtu wa kututambulisha kwa watangazaji wakubwa wa biashara, na angesikiliza mwisho wa orodha. "Akisikia wa kwanza ni wachimba chuma wa hapa hapa," Lyle akasema, "atatuona redio ya kuchezea watoto. Uondoe."

"Niushushe uwe wa ngapi?"

"Nimesema uondoe."

"Hata wa mia nne?"

"Ukiwa wa mia nne watauliza kwa nini mia nne. Usipokuwepo hawataulizana. Kila mtu atadhani ni yeye peke yake aliyeupigia." Aliwajua watu wake. Sisi hapa mtu anaweza kuvunjika mguu, akaulizwa hali, akasema barabara zinateleza siku hizi. Kisha Lyle akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa: "Kipindi cha saa nne hakina mtu. Kuanzia Jumanne kinaweza kuwa chako."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kupanga santuri. Nikaketi kwenye taipureta, nikaandika orodha ya nyimbo mia tano, na wimbo wa kaka yangu haukuwemo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika nguo ya Reino, mdudu alikuwa mimi.

Yeye alikuwa kwenye kibanda cha wazazi wetu ziwani, na mke wake, na mama, na shangazi watatu. Siku tatu walikaa na redio. Mama alinisimulia baadaye kwamba Jumamosi Reino alikuwa anacheka, Jumapili alikuwa kimya, na Jumatatu alasiri, nyimbo zilipobaki kumi, alivaa shati safi. Ulipopigwa wimbo wa Waingereza aliinuka, akaenda kuegesha mtumbwi uliokuwa umeegeshwa tayari. Wiki ile akamgawia binamu yetu gitaa. Hakuimba tena hata kanisani.

Na hakuifungua redio yetu tena. Miaka thelathini na mitatu nimezungumza kila siku saa nne kwenye mji wa watu elfu sita, na kaka yangu wa tumbo moja hajanisikia. Yeye anasikiliza Wakanada wa ng'ambo ya ziwa. Mpaka baridi anaijua kwa vipimo vyao vya Selsiasi. Ukimwuliza nje kukoje anakupa namba ambayo humu mjini haina maana.

Nilikusudia kumwambia. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa, nikaona si wakati wake. Kisha baba akafa. Kisha mke wa Reino akaugua. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na sababu ni bidhaa isiyoadimika.

Aprili mwaka huu Kampuni ilileta watu wa kusafisha chumba cha chini. Nilipofika kazini nikakuta mapipa mawili ya taka barabarani, na juu ya moja kulikuwa na sanduku lenye mwandiko wangu: "Kadi 1986." Lyle hakuwahi kutupa kitu, hata lile sinki. Nikalitia kwenye buti la gari huku nikiwatukana wale vijana, ambao hawakuwa na kosa lolote, na nikaamua siku hiyo hiyo. Historia ya redio nitaisoma mimi, na jambo hili litakuwemo, na mji mzima utasikia, na Reino atasikia.

"Hii sehemu ya kura ya udanganyifu," Tanner aliniambia Mei, "mwanasheria wetu ameiona. Haiwezekani."

"Imewezekana. Niliifanya mimi mwenyewe."

"Marlys, huu ni mwaka wa kusherehekea."

"Basi nisherehekee nini? Sinki?"

Akacheka kwa heshima, akanitumia zile sekunde tisini zimeshaandikwa. Hazikuwa na jina la mtu hata mmoja. Zilisema "familia yetu ya wasikilizaji" mara nne.

Nikazikunja nikazitia mfukoni. Nilijua nitakalofanya: Jumatatu ya Siku ya Mashujaa, saa sita mchana, ningewasha kipaza sauti, nisome dakika zangu saba, kisha nipige "Futi Elfu Mbili" kutoka kwenye kanda niliyokuwa nayo nyumbani. Wanifukuze. Walikuwa wameshanifukuza.

Kwanza nilikwenda kumwarifu Lyle, kwa sababu ni haki yake. Yuko nyumba ya wazee karibu na bandari, ana miaka themanini na minne na mrija wa hewa puani, na bado anawakosoa wauguzi kwa kufungua redio bila kuitafutia masafa vizuri.

"Nitasema, mzee," nikamwambia. "La mwaka themanini na sita."

"Lipi?"

"La Reino."

"Nilidhani ulishamwambia kitambo."

"Ningemwambiaje?"

"Kwa mdomo. Unao, nakumbuka." Akakohoa, na nilipoona mabega yanacheza nikajua anacheka. "Yule mshauri, unajua alifanya nini? Alifika Jumatatu asubuhi. Nikampeleka kwa Ruona, akala pai mbili, tumbo likamshika, akalala hotelini mpaka Jumanne. Hakusikia hata wimbo mmoja."

Nilihisi masikio yananichemka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Orodha ilikuwa imeshapigwa. Nawe ulikuwa umeshapewa kipindi."

Nilitamani kumvuta ule mrija. Nasema kweli. Badala yake nikamrekebishia mto, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, nikatoka nje nikapiga teke gurudumu la gari langu mpaka kidole kikavimba.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Reino. Ana karakana nyuma ya nyumba. Majira ya baridi anatengeneza pikipiki za theluji, na joto likija anatengeneza injini za boti. Alikuwa amesimama juu ya injini iliyofunguliwa, na Wakanada wanazungumza kutoka rafuni kuhusu bei ya ngano.

"Kahawa ipo," akasema. Hiyo kwetu ni salamu kamili.

"Kaka, Jumatatu saa sita mchana nataka ufungue redio."

"Iko wazi."

"Yangu. Mara moja tu. Ni wiki yangu ya mwisho."

"Saa sita Wakanada wana habari."

"Wakanada hawatalia. Nakuomba."

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kuna nini?"

"Utasikia."

"Niko hapa, Marlys. Niambie hapa."

Na hapo ndipo ninapojichukia kuliko mahali pengine pote. Hakuwa na haraka, mlango ulikuwa umefungwa, alikuwa ameniuliza, na sisi hatuulizani. Nilifungua mdomo. Lakini mimi mambo yangu yote makubwa nimeyasema kwenye kipaza sauti, ndani ya chumba kisicho na mtu: vifo, mafuriko, kufungwa kwa mgodi. Mbele ya uso wa mtu sijui niweke wapi macho. Nikasema, "Jumatatu utasikia," nikanywa kahawa ikiwa moto hivyo hivyo, nikaondoka.

Jumatatu nilivaa nguo nzuri, kana kwamba redio ina macho. Bernadine, anayeuza nafasi za matangazo na ndiye mtu pekee aliyebaki ofisini ukiniondoa mimi, alikuwa amenunua keki. Saa nne nikaanza kama kawaida. Nikasema hali ya hewa, nikapiga nyimbo, taa zote za mitambo zikiwaka kijani. Simu haikulia asubuhi nzima, lakini ni siku ya mapumziko, watu wako ziwani. Saa sita kamili nikazima kompyuta ya Kampuni kwa mkono wangu, nikafungua kipaza sauti, nikasoma.

Nilisoma vizuri kuliko siku zote. Nilimtaja Waino. Nilisimulia kuhusu sinki. Nilipofika mwaka 1986 sauti ilinitetemeka, nikaiacha itetemeke. Nilisema: niliona hesabu, niliijua, na niliandika orodha ya uongo kwa mikono yangu, na malipo yake ni kipindi hiki mnachonisikia. Nikasema jina la kaka yangu, jina lake lote, Reino August Koskela. Kisha nikapiga wimbo wake, na ulipokuwa unapiga nililia kama sijawahi kulia kazini, nikiwa na furaha pia, siwezi kusema uongo. Nilijihisi mwepesi.

Ulipokwisha nilingoja simu. Haikulia. Nikapiga wimbo mwingine, nikangoja. Nikawaza, wameshtuka. Nikawaza, ni watu wa hapa, hawaulizi. Dakika ishirini. Nikatoka kwenda kwa Bernadine nikidhani nitamkuta na machozi.

Alikuwa anakata keki. Redio iliyokuwa juu ya meza yake ilikuwa wazi, na mwanamume mwenye sauti ya sukari alikuwa anawatakia watu wa "Port Emilia" sikukuu njema.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Si wa Dallas? Yuko tangu asubuhi. Saa sita amesoma ile historia, ilikuwa fupi." Akaniangalia. "Mimi nilidhani umejua. Nilidhani umekuja kwa ajili ya keki."

Walikuwa wamebadilisha saa kumi na mbili asubuhi, kutoka huko huko Dallas, wiki moja kabla ya tarehe yao, ili kujaribu mitambo. Tanner alikuwa ameniandikia barua pepe Jumapili, na mimi Jumapili sifungui barua pepe. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilikuwa nimezungumza na ukuta. Sauti yangu ilitoka mdomoni, ikaingia kwenye waya, ikaishia ghorofani juu ya duka la viatu.

Sikumbuki niliyomwambia Tanner kwenye simu. Bernadine anasema ndiyo mara yake ya kwanza kusikia baadhi ya maneno yale yakipangwa kwa mfuatano huo. Nakumbuka jibu lake tu: "Lakini maandishi ya historia yalikwenda hewani, Marlys. Watu wameyapenda."

Nikachukua ufunguo wa gari.

Reino alikuwa karakana. Hakuwa anafanya kazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, mikono magotini, na redio ya rafuni ilikuwa kwenye masafa yetu. Nilipoiona nusura nirudi nyuma. Alikuwa amevaa shati safi.

"Nimekaa tangu saa sita kasoro," akasema. "Kuna kijana mmoja anaongea. Ulisema utakuwa wewe."

"Walinizima."

"Sawa."

"Si sawa. Reino, zima hiyo."

Akaizima. Sasa hakukuwa na sauti yoyote ya kujificha nyuma yake. Nikarudi kwenye gari, nikatoa sanduku, nikaliweka juu ya meza ya kazi kati ya spana, nikasema. Nilisema vibaya. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo, nikamtaja mshauri kabla ya kumtaja Lyle, nikasema "kipindi" nikashindwa kuendelea, nikaanza upya. Hotuba yangu nzuri ya dakika saba ilikuwa imeliwa na ukuta. Kaka yangu alipata makombo. Lakini yalikuwa yote: kadi zilihesabiwa, alikuwa wa kwanza, niliona, niliandika orodha bila yeye, nikapewa kazi.

Akafungua sanduku.

"Kura ngapi?"

"Mia sita na kumi na moja."

"Wa pili?"

"Mia tatu na themanini na nane."

Akaitikia kwa kichwa kama fundi anayeambiwa kipimo. Kadi zilikuwa bado zimefungwa kwa mipira, nyingine zina madoa ya mafuta ya pai. Akavaa miwani, akaanza kuzisoma moja moja, na kila aliposoma alitaja jina kwa sauti. Kangas. Ruona mwenyewe. Padri. Heikki wa lifti ya mgodi. Wengi wao wameshakufa. Matangazo ya misiba yao niliyasoma mimi.

Nilifikiri analia, lakini alikuwa anahesabu kitu kingine.

"Walikuwa wananiambia," akasema. "Mwaka ule. Kwenye lifti, kwenye foleni ya mshahara. Reino, nimekupigia. Reino, na mimi. Mmoja baada ya mwingine." Akaweka kadi chini. "Kisha orodha ikaja. Nikasema, kumbe wananicheka. Mji mzima unanidanganya mbele ya macho yangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Miaka thelathini na mitatu nimejilaumu kwa ajili ya wimbo, na sikuwahi kuwaza hilo. Nilidhani alisusa redio. Sikuona kwamba alikuwa amewasusa watu: alivyoacha kwenda ukumbini, alivyokaa nyuma ya nyumba na injini zake, alivyopita dukani kwa Ruona bila kuingia. Tulisema ndivyo alivyo. Tulisema mgodi ulimharibu.

Akafika kwenye kadi moja akaiondoa kwenye fungu, akaisogeza karibu na dirisha. Nikasoma jina kutoka nilipokuwa: Eino Saari. Eino na Reino walishuka mgodini pamoja miaka kumi na moja, mmoja anatoboa, mwingine anashika taa. Eino alikufa kwa mapafu mwaka 2011. Mazishi yake yalijaa mpaka nje ya kanisa, na kaka yangu hakwenda, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

"Alikuja hapa nyumbani," Reino akasema. "Wiki ile ile ya orodha. Akasimama pale mlangoni, akasema, Reino, mimi nilikupigia, naapa. Nikamwambia, Eino, wewe ni mwongo kama wenzako, usije tena kwangu." Alikuwa anaisoma kadi tena, ingawa ilikuwa na maneno matano tu. "Hakuja tena."

"Kaka," nikasema.

"Aliugua miezi minane. Mke wake alinipigia simu mara mbili, anasema Eino anakuuliza."

"Kaka, nisamehe."

Aliinua mkono, si kwa hasira, kama mtu anayeomba kelele zipungue ili asikie kitu. Akaitia kadi ya Eino kwenye mfuko wa shati lake safi, akafunga kifungo. Kisha akavuta fungu jingine, akalifungua mpira.

"Sanduku liache," akasema bila kunitazama. "Wewe nenda."

Nikaliacha, nikaenda. Nilipokuwa nafunga mlango nilimsikia akiendelea kusoma majina.